Strontiamu, binamu wa kalsiamu: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Nafundisha kemia ya jioni Tandika, kwenye chumba chenye ubao mmoja na feni moja inayozunguka ikijisikia. Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, kwa majirani, kwa fundi redio wa mtaani kwetu, na kwa mama mmoja aliyenisimamisha sokoni na tyubu ya dawa ya meno mkononi. Yalizidi kipindi kile ujumbe wa sauti ulipozunguka kwenye magrupu ukidai kwamba televisheni za zamani zina "sumu ya bomu la nyuklia" ndani ya kioo. Nimeyakusanya hapa. Mtu akiniuliza tena namtumia kiungo, naendelea na chai yangu.

Strontiamu ni kitu gani?

Ni elementi, kama chuma, shaba au oksijeni. Alama yake ni Sr na namba yake atomia ni 38. Ikiwa peke yake ni metali laini ya rangi ya fedha, lakini si rahisi uione hivyo: ukiikata tu, hewa inaivamia na uso wake unageuka manjano, ukiitumbukiza majini inatoa mapovu ya haidrojeni. Maabara huihifadhi ndani ya mafuta. Huku mtaani tunakutana nayo ikiwa imeshaungana na vitu vingine, ndani ya mawe, chumvi, kioo, sumaku na mifupa. Wala si adimu. Katika kila tani ya miamba ya ganda la dunia kuna gramu 370 hivi za strontiamu, mara kadhaa zaidi ya shaba.

Ukitaka kuielewa, mtazame nduguye. Kwenye jedwali la elementi iko safu moja na kalsiamu, chini yake tu. Juu ya kalsiamu kuna magnesiamu. Chini ya strontiamu kuna bariamu, halafu radiamu. Zote zina elektroni mbili za nje, ndiyo maana zinafanana tabia. Wanafunzi wangu huwa nawaambia kwamba strontiamu ni binamu wa kalsiamu anayeazima nguo zake: popote kalsiamu inapoingia, naye anapita mlango huohuo na mlinzi hashtuki. Karibu kila jibu hapa chini, la heri na la shari, linatokana na kufanana huko.

Mbona jina gumu hivyo?

Ni jina la kijiji. Strontian kiko Uskoti, na zamani kilikuwa na migodi ya risasi, ile metali nzito. Jiwe moja lililotoka humo lilidhaniwa kuwa la bariamu, mpaka mwaka 1790 Adair Crawford na mwenzake William Cruickshank walipogundua kuwa ni kitu kingine. Metali yenyewe ilitengwa mwaka 1808 na Humphry Davy kwa kutumia umeme, mwaka uleule alioitenga kalsiamu na bariamu. Kwa Kiswahili wengine huandika "stronti". Mimi naandika strontiamu ili ikae vizuri na kalsiamu; ukiandika vingine sikukati maksi.

Mwalimu, si ndiyo hiyohiyo ya Chernobyl, kule mtambo wa nyuklia ulikolipuka? Ina mionzi?

Mtaani kwetu kuna Juma wawili. Mmoja anauza maji kwa mkokoteni, mwingine alitoroka na pesa za kikoba. Ukisikia "Juma kaiba", usimrukie yule wa maji.

Strontiamu ya asili, ile ya mawe, bahari na chakula, ni mchanganyiko wa isotopu nne, yaani aina nne za atomu zake zinazotofautiana uzito: 84, 86, 87 na 88. Hizo namba ni jumla ya protoni na nyutroni katika kiini cha atomu. Zaidi ya asilimia 82 ni hiyo 88. Zote nne zimetulia, hazitoi mionzi.

Yule wa kikoba ni strontiamu-90. Huyu huzaliwa urani au plutoniamu inapopasuliwa, ama ndani ya tanuri la nyuklia ama ndani ya bomu. Ana nusumaisha ya miaka 28.8, maana yake ukiwa na kiasi fulani leo, baada ya miaka 28.8 kitakuwa kimebaki nusu, na baada ya mingine kama hiyo kitabaki robo. Mionzi yake, inayoitwa beta, haifiki mbali. Ikiwa nje ya mwili, hata bamba jembamba la alumini linaizuia sehemu kubwa. Taabu inaanza ikimezwa, kwa sababu mwili unaidhania kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, pale pale jirani na uboho unaotengeneza damu, ikae miaka.

Hofu hii ina historia yake. Kuanzia mwaka 1945 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya majaribio hewani. Ufaransa ilifanya hivyo hapa hapa Afrika, Reggane katika jangwa la Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Vumbi lilipanda juu, likasambaa, likashuka na mvua kwenye majani. Ng'ombe akala majani, mtoto akanywa maziwa. Katika mji wa St. Louis, Marekani, madaktari na akina mama walianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kukusanya meno ya utotoni ili wayapime. Watoto wa kwetu hulitupa jino juu ya bati wakiomba jipya; wa kule walilitia kwenye bahasha wakalituma, na kila mmoja akapewa beji ya kifuani. Yalifika meno yapatayo 320,000. Vipimo vilionyesha strontiamu-90 ikipanda mwaka hadi mwaka kadiri majaribio yalivyoongezeka, na jambo hilo likaongeza shinikizo lililozaa mkataba wa Agosti 1963 wa kukataza majaribio ya hewani.

Sasa fanya hesabu mwenyewe. Kilichokuwa 100 mwaka 1963 kilibaki 50 mwaka 1992 hivi, na 25 mwaka 2021 hivi. Zaidi ya hapo, vumbi lile liliangukia sana nusu ya kaskazini ya dunia, nasi Dar tuko kusini ya ikweta. Wafanyabiashara wanaoingiza vyakula kupitia bandari yetu wanaifahamu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na vyeti vyake vya mionzi. Watu hulalamikia usumbufu wake. Mimi nikikumbuka hofu ya maziwa ya unga baada ya Chernobyl, mwaka 1986, silalamiki.

Kwa hiyo na mimi ninayo mwilini?

Unayo. Mtu mzima ana miligramu 320 hivi, na asilimia 99 yake iko kwenye mifupa na meno. Inaingia kila siku kwa miligramu chache, kwa maji, mboga za majani, nafaka na vitu vya baharini. Dagaa ni njia mojawapo nzuri, kwa sababu unamla na mifupa yake.

Mwili hauihitaji kama unavyoihitaji kalsiamu, na wenyewe unajua kubagua kidogo: utumbo unapendelea kuchukua kalsiamu, na figo zinaisukuma nje strontiamu haraka zaidi. Kiasi cha kawaida hakina neno. Ikiwa nyingi kupita kiasi, tena kwa mtoto asiyepata kalsiamu ya kutosha, ndipo inapoweza kuzuia mifupa kukomaa na kuleta matege. Hilo limeonekana waziwazi kwa wanyama wa maabara. Kinga yake si dawa, ni mlo wenye kalsiamu.

Na wale ndugu wa Arusha wanaoniuliza kama meno yao ya kahawia yametokana na strontiamu: hapana, hiyo ni floridi ya maji ya kule. Kesi nyingine kabisa, mshtakiwa mwingine.

Naishi Msasani. Bahari inahusikaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na hakuna anayeliuliza mpaka nimchokoze.

Lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 8 hivi za strontiamu. Chota dumu la lita 20 pale ufukweni, umebeba miligramu 160. Madumu mawili yanalingana na yote iliyomo mwilini mwako.

Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kuchota kalsiamu kutoka maji hayo, na binamu anaingia nayo. Katika tumbawe hai strontiamu hukaribia asilimia moja ya uzito. Tena haingii ovyo: maji yakiwa ya baridi kidogo inaingia zaidi, yakipata joto inapungua. Tumbawe hukua kwa matabaka, mwaka juu ya mwaka kama pete za mti, kwa hiyo mtaalamu akikata kipande na kupima uwiano wa strontiamu na kalsiamu tabaka kwa tabaka, anasoma joto la bahari la miaka ambayo hakuna mtu aliyekuwa na kipimajoto. Unapopiga mbizi Mbudya au Bongoyo unaogelea juu ya daftari la hali ya hewa. Ndiyo sababu inaniuma kuona nanga imetupwa juu yake.

Mawe ya matumbawe ya kale ndiyo yaliyojenga mji huu. Boma la Kale, pale karibu na bandari, lilijengwa mwaka 1866 na 1867 zama za Sultani Majid bin Said, na kuta zake ni mawe hayo yaliyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe likikaa nchi kavu miaka mingi, mvua huligeuza taratibu na sehemu ya strontiamu huondoka, lakini haiishi. Mawe ya chokaa ya Wazo Hill nayo huwa nayo kidogo, kwa hiyo saruji ya nyumba yako haikosi. Usianze kugonga kuta; haidhuru mtu.

Halafu kuna viumbe wadogo wa baharini, hawaonekani bila darubini, wanaoitwa akantaria. Viumbe wengi hutengeneza gamba kwa kalsiamu au silika, ile ya mchanga na kioo. Hawa wamechagua salfeti ya strontiamu, wanajitengenezea miiba inayotoka katikati kama nyota. Wakifa, miiba inayeyuka majini, haibaki hata kwenye tope la chini. Mji mzima wa kioo unajengwa na kubomoka kila siku, nasi tunapita juu na boti ya Zanzibar tukilalamikia mawimbi.

Dawa yangu ya meno imeandikwa kloridi ya strontiamu. Niitupe?

Usiitupe. Hili ndilo swali la yule mama wa sokoni, na nilimjibu kwa embe. Ukila embe mbichi kwa chumvi na pilipili hadi meno yakafa ganzi, unajua jinsi hata maji ya baridi yanavyouma baadaye. Chini ya tabaka gumu la jino kuna tabaka lenye vijitundu vyembamba vinavyoelekea kwenye neva. Ufizi ukishuka au jino likilika, vijitundu vinabaki wazi. Chumvi ya strontiamu huingia humo na kusaidia kuviziba, kwa sababu jino ni kalsiamu na binamu anakaribishwa. Dawa za namna hiyo zimekuwepo tangu miaka ya 1960. Siku hizi nyingi hutumia chumvi ya potasiamu, ambayo inatuliza neva badala ya kuziba. Zote mbili zinataka uvumilivu wa wiki kadhaa. Jino likiuma usiku kucha, hilo si la dawa ya mswaki, nenda kwa daktari.

Je, ni kweli TV za chogo zina sumu ya nyuklia?

Uongo uliokalia ukweli kidogo, na huo ndio uongo mgumu kuung'oa.

Ukweli ni huu. Kioo cha mbele cha televisheni ya chogo kilikuwa na strontiamu nyingi, oksaidi yake ikifikia asilimia 8 ya uzito. Katika kilo moja ya kioo hicho kuna gramu 80 hivi za oksaidi hiyo. Lakini ni ile ya mawe, Juma wa maji. Iliwekwa ili ikulinde. Ndani ya chogo elektroni hurushwa kwa nguvu ya maelfu ya volti, zikigonga kioo hutoa eksirei kidogo, na atomu nzito kama za strontiamu na bariamu huzimeza kabla hazijakufikia wewe uliyekaa kwenye mkeka unaangalia mpira. Risasi ingefanya kazi hiyo pia, ila kioo chenye risasi hubadilika rangi kikipigwa na elektroni, na nani anataka kuangalia mpira kupitia chai ya rangi?

Kwa miaka mingi kazi hii ndiyo iliyomeza strontiamu kuliko zote. Kule Marekani ilifika robo tatu ya matumizi yao. Skrini bapa zilipoenea, soko likaanguka. Huku kwetu chogo zilichelewa kuaga. Hata matangazo ya analojia yalipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, watu walizifunga ving'amuzi zikaendelea.

Hatari iko nyuma, siyo mbele. Kioo cha chogo lenyewe na shingo yake kina risasi, na hiyo ni sumu ya kweli, hasa kwa watoto. Vijana wa chuma chakavu huligonga chogo kwa nyundo ili wachomoe koili ya shaba. Ndani hamna hewa, kwa hiyo kioo hupasuka kwa kishindo na vipande vinaruka. Na ule unga mweupe uliopakwa ndani haufai kuvutwa puani. Fundi wetu wa redio sasa anazikataa kabisa chogo zilizopasuka, na namuunga mkono. Kama unayo, iuze nzima.

Na spika je? Fundi kaniambia sumaku yake ni ya kigae.

Fundi yuko sahihi. Ile sumaku nyeusi ya duara nyuma ya spika, inayovunjika ikianguka sakafuni kama sahani, ni unga wa oksaidi ya chuma uliochanganywa na kabonati ya strontiamu au ya bariamu, ukashindiliwa na kuchomwa tanuruni. Ni ya bei nafuu, haipati kutu, haipotezi nguvu upesi. Iko kwenye sabufa ya jirani yako anayekunyima usingizi, kwenye mota ya waipa ya daladala, na mara nyingi kwenye ule mpira wa mlango wa friji unaojivuta na kujifunga wenyewe: ndani ya mpira kuna utepe wenye unga huohuo. Ukihesabu vitu vya nyumbani kwako vyenye strontiamu, anzia hapo.

Tasbihi yangu inang'aa gizani. Ni mionzi?

Si mionzi ya kuogopa, ni mwanga uliowekwa akiba. Zamani sana mishale ya saa ilipakwa rangi yenye radiamu, na hiyo kweli ilikuwa na mionzi. Wasichana waliokuwa wakiipaka viwandani Marekani waliumia vibaya. Ikaja salfaidi ya zinki, ambayo haina madhara hayo ila inachoka upesi. Tangu miaka ya 1990 kuna aluminati ya strontiamu, iliyotiwa chembe za elementi adimu ziitwazo yuropiamu na disprosiamu. Mwanga ukiipiga, elektroni zinapanda na nyingine zinanaswa humo kama samaki dema, kisha zinaachiliwa moja moja kwa saa nyingi, zikitoa kijani hafifu.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Weka tasbihi, rozari au ile nyota ya kubandika juani dakika tano, halafu ipeleke gizani. Ikizima ndani ya nusu saa, huenda ni ya zinki. Ikiwa bado unaiona ukiamka kwa sala ya alfajiri, hiyo ni strontiamu. Vibao vya njia ya kutokea kwenye baadhi ya maghorofa na vyombo vya majini hutumia rangi hii kwa sababu haihitaji umeme, na sisi wa Dar hatuhitaji kuelezwa faida ya kitu kisichohitaji umeme.

Fataki nyekundu za mwaka mpya?

Ni strontiamu. Kijani ni bariamu, manjano ni sodiamu, buluu ni shaba na ndiyo ngumu kuliko zote kuitengeneza vizuri. Nyekundu hutokana na kabonati au nitrati ya strontiamu ikichomwa pamoja na kitu chenye klorini. Nyekundu hiyohiyo imo kwenye mioto ya kuombea msaada baharini, ambayo nahodha wa boti anapaswa kuwa nayo ikiwa kavu na haijapitwa na muda. Ile ya sherehe inakufurahisha dakika mbili. Hii ya baharini natumaini hutaiona maishani.

Tanzania tunayo ya kuchimba?

Wachimbaji wakubwa duniani ni Hispania, Iran, China na Meksiko, na jiwe wanalolitafuta linaitwa selestiti, mara nyingi la buluu ya anga. Sisi tuna kitu kingine. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai karibu na Ziwa Natron, ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu na kalsiamu badala ya lava ya silika. Inatiririka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nyeusi kama oili chafu, halafu ikishika unyevu inageuka nyeupe. Katika lava hiyo oksaidi ya strontiamu hupita asilimia 1, kiasi kikubwa kwa jiwe la kawaida. Na moja ya madini makuu yake, ambalo strontiamu hujificha ndani yake, limepewa jina la Mwalimu Nyerere: nyerereiti. Nikilitaja darasani, hata wale wa benchi la nyuma huinua vichwa.

Nimesikia jino linaweza kueleza mtu alikulia wapi.

Linaweza kusema eneo, siyo mtaa. Isotopu ya 87 huongezeka polepole sana kwenye miamba yenye rubidiamu, elementi ambayo sehemu yake hugeuka kuwa strontiamu hiyo, kwa hiyo miamba mikongwe kama ya katikati ya nchi ina uwiano mkubwa wa 87 kwa 86, na miamba michanga ya volkano kama ya Kilimanjaro ina mdogo. Uwiano unapita kwenye udongo, mmea, chakula, mpaka tabaka gumu la jino linalojengwa utotoni na ambalo halibadiliki tena. Mwaka 2011 wanasayansi walipima meno ya jamaa za kale za binadamu kutoka mapango ya Sterkfontein na Swartkrans, Afrika Kusini, wakaona kwamba yale madogo, yanayodhaniwa ya wanawake, mengi yalitoka nje ya eneo lile kuliko makubwa. Yaani yaonekana wanawake ndio waliohama kwenda kuishi kwingine, zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Jino la mtoto wa Dar wa leo lingemtesa mtaalamu: mchele wa Kyela, unga wa Iringa, maharage ya Kigoma, dagaa wa Mwanza.

Naona mtandaoni wanauza vidonge vya strontiamu vya kuimarisha mifupa. Nimnunulie bibi?

Hapana, mpeleke kwanza kwa daktari. Ulaya ilikuwepo dawa ya strontiamu ya mifupa iliyopungua uzito, ilitumika tangu mwaka 2004, na kufikia mwaka 2014 ikawekewa masharti makali kwa sababu iliongeza hatari kwa moyo. Vile vya mtandaoni ni chumvi tofauti, lakini binamu ni yuleyule. Na kuna mtego: strontiamu ni nzito kuliko kalsiamu, inazuia eksirei zaidi, kwa hiyo kipimo cha uzito wa mifupa kitaonyesha nafuu kubwa kuliko iliyopo. Bibi anafurahia picha, mfupa haujui.

Ni sawa na urani ya Namtumbo?

Siyo. Urani yote ina mionzi kwa asili yake. Strontiamu ya asili haina.

Kwa nini wanaitaja kwenye saa?

Sekunde rasmi tangu mwaka 1967 inapimwa kwa atomu za elementi nyingine, siziamu. Sasa maabara kadhaa hunasa atomu za strontiamu kwa leza na kuhesabu mtetemo wa mwanga wake mwekundu, takriban trilioni 429 kwa sekunde. Saa ya namna hiyo iliyotangazwa Marekani mwaka 2015 isingekosea sekunde moja kwa miaka bilioni 15. Atomu za binamu huyuhuyu, sasa ziko miongoni mwa vitu vinavyotunza muda vizuri kuliko vyote. Mkutano wa saa mbili kamili mjini kwetu bado utaanza saa tatu na nusu.

Tunaweza kuiona kwa jaribio darasani?

Ndiyo, kwa maabara yenye mwalimu, chumvi kidogo ya strontiamu na waya wa nikromu. Chovya waya kwenye asidi, uchome mpaka usitoe rangi, uchovye kwenye chumvi, urudishe motoni. Funga mapazia. Kalsiamu inatoa nyekundu ya tofali, ya kuelekea rangi ya chungwa; strontiamu inatoa nyekundu iliyoiva, ya mbegu za komamanga. Wanafunzi hubishana hapo, na huwa nawaacha wabishane, kwa sababu jicho hujifunza kwa kulinganisha. Ukiona manjano kali iliyofunika kila kitu, hujagundua elementi mpya. Umeshika waya kwa vidole vyenye jasho la Dar, na hiyo ni sodiamu.